Mtoto Wako Anapenda Treni? Usimcheke Kama Nilivyocheka Mimi

"Shangazi, hivi kwa nini Dar ina reli za aina tatu, na hakuna behewa hata moja linaloweza kupita zote?"

Swali hilo niliulizwa jikoni, mwiko mkononi, ugali unakaribia kuiva. Mwulizaji ni binti wa kaka yangu. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, amekuja kwangu Gongo la Mboto kula likizo. Nilicheka. Nikamwambia, "Mtoto wa kike, treni inakuhusu nini wewe? Hebu lete sahani." Akaleta sahani. Ikapita karibu mwaka mzima hajanitajia tena habari ya treni.

Naanza na hilo kwa sababu linaniuma mpaka leo. Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alikuwa stesheni masta, nimezaliwa na kukulia kwenye kota za reli, na lile swali sikuwa na jibu lake. Kicheko kile kilikuwa cha kuficha aibu.

Stesheni yetu ilikuwa ndogo, kati ya Saranda na Itigi, kwenye ile nchi kavu ya vichaka. Maji ya kunywa yaliletwa na treni. Unga, barua, wageni, habari za misiba, vyote vilishuka kwenye behewa. Mama hakuwa na saa ya ukutani. Akisikia honi ya treni ya mizigo anajua muda wa kubandika maharage umefika. Nilipokwenda shule ya bweni ndipo nilipogundua kwamba wenzangu wanashuka kwenye mabasi, na kwamba begi langu linanuka dagaa wa Kigoma wa jirani niliyebanana naye daraja la tatu. Wakanibatiza "Gari Moshi." Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nyumbani ni wapi, nilijibu "Manyoni mjini."

Kwa hiyo watu wa rika langu wanapolalamika kwamba vijana wa leo hawana habari na reli, huwa najiuliza wangeitoa wapi hiyo habari. Sisi ndio tuliowaonea haya baba zetu. Lami ilipofika tukahamia mabasi, na treni tukaiachia asiye na nauli. Halafu mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye kwake treni ilikuwa ni kitu kinachosimamisha daladala pale barabara inapokatana na reli, tunamshangaa kwa nini haipendi!

Mwaka 2024 mambo yakabadilika. Tarehe 14 Juni treni ya umeme ikaanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro, na tarehe 25 Julai ikafika Dodoma. Baadaye mwaka huohuo zikaja zile ambazo mtaa haukuchelewa kuzipa jina: mchongoko, kwa ile pua yake. Ghafla vijana wakajaa Stesheni ya Magufuli wamevaa kama wanakwenda harusini, simu juu, wanarekodi kioo cha ndani ya behewa kinachoonyesha kasi mpaka isome 160. Wazee wakaguna: hawa wanapenda picha, hawapendi reli.

Mimi siguni. Mimi mwenyewe reli niliipendea maandazi ya mama mmoja aliyekuwa akiuza pale stesheni kwetu, na hakuna mzee aliyenihoji. Kila mtu ana mlango wake wa kuingilia. Wengi watapiga picha, watapata sifa zao mtandaoni, wataendelea na maisha, na hakuna aliyeibiwa kitu. Wachache watabaki, na hao ndio ninaotaka tuwazungumzie, kwa sababu mzazi asipokuwa makini atawafukuza mwenyewe.

Utawajuaje? Binti yetu alinionyesha video aliyorekodi stesheni. Dakika nne nzima amerekodi waya wa juu. Treni haimo, watu hawamo, ni waya tu na anga. Nikataka kucheka tena, nikajizuia. Nikamwuliza, "Hapa unaangalia nini?" Akasema, "Angalia vizuri, shangazi. Haujanyooka." Na kweli. Ukisimama ukautazama waya ule kwa mbali utaona unakwenda upogo, nguzo hii umevutwa kushoto kidogo, nguzo inayofuata kulia kidogo. Nikadhani mafundi wamelipua kazi. Kumbe umewekwa hivyo makusudi. Ule mkono ulio juu ya treni unaogusa waya na kuchukua umeme, kama waya ungenyooka ungeukwaruza mahali pamoja tu mpaka uutoboe. Ukienda upogo, mkono unalika sawasawa pande zote. Haya sikumfundisha mimi. Aliuona upogo kwa macho yake, halafu akaenda kutafuta sababu.

Mtoto akianza kuuliza sababu ya vitu ambavyo wengine hawavioni, huyo ana ugonjwa. Usimpe dawa.

Lile swali la jikoni nalo alishalijibu mwenyewe muda mrefu. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000, yaani mita moja. TAZARA ilijengwa kwa mkopo na mafundi kutoka China miaka ya 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na ikapewa milimita 1,067 kwa sababu ndio upana wa reli za Zambia na nchi za kusini ambazo ilitakiwa iungane nazo. Hii ya umeme ni milimita 1,435, kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia. Tofauti ya upana kati ya reli ya mita moja na ya TAZARA ni sentimita sita na ushee, na kwa sababu ya hizo sentimita sita ikabidi pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, pawekwe mahali pa kuhamishia mizigo kutoka mabehewa ya huku kwenda ya kule. Nilikaa Dar miaka ishirini na tano bila kujua hayo. Nilidhani reli ni reli.

Sasa nikueleze kosa langu la pili, ambalo nadhani ni baya kuliko kicheko, kwa kuwa lilivaa nguo za wema.

Nilipogundua kwamba mtoto amepania, nikaamua kumwonyesha "reli ya kweli." Likizo ya Desemba tukapanda treni ya zamani, ya reli ya mita, kwenda Tabora kumsalimia babu yake. Njia nzima nilikuwa nahubiri. Hapa tulikuwa tunanunua hiki, pale palikuwa na kile, siku zile mabehewa yalikuwa hivi. Tulipofika Saranda nikamnunulia kuku wa kuchoma, maana usimulizi wa reli yetu bila kuku wa Saranda haujakamilika. Akala, akanishukuru, akageukia dirishani na simu yake.

Nilihisi nimedharauliwa, nisiwafiche. Nikamwuliza kwa ukali kidogo anafanya nini. Alikuwa anapima mwendo. Kando ya reli kuna vibao vya kilomita. Ukihesabu sekunde kutoka kibao hadi kibao, ukachukua 3,600 ukagawanya kwa hizo sekunde, unapata kasi. Kwenye tambarare alipata sekunde 72, yaani kilomita 50 kwa saa. Tulipoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, sekunde zikaongezeka, naye akawa anaziandika kwenye daftari huku anatabasamu. "Shangazi, unausikia mlima?" Nimepanda mlima ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nilikuwa nimelala.

Hapo nikanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikotusaidia. Baada ya muda treni ikasimama kwenye stesheni moja ndogo, kimya, hakuna anayeshuka wala kupanda. Abiria wakaanza kunung'unika. Yeye akauliza, safari hii bila kunitazama, kama anayejiuliza mwenyewe, "Reli ni moja. Ya mbele ikija, wanapishanaje?"

Jamani, hilo nilikuwa nalijua! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba yangu. Nikamweleza kwamba reli ni moja porini tu, lakini stesheni ina njia ya pili pembeni, na treni moja huingia humo ikasubiri. Kwamba stesheni masta wa huku hawezi kuiachia treni mpaka amzungumzishe kwa simu mwenzake wa stesheni ya mbele na kuhakikisha kipande chote cha katikati hakina kitu. Kwamba baba alikuwa akiandika kibali kwa kalamu kwenye karatasi, nambari ya treni, saa na dakika, anasoma kwa sauti, wa upande wa pili anarudia neno kwa neno. Kwa treni isiyosimama, karatasi ile hubanwa kwenye kitanzi chenye mpini, baba anasimama ukingoni amekiinua, treni inapunguza mwendo, na msaidizi wa dereva anapenyeza mkono dirishani anakidaka. Usiku alikuwa na taa mkono wa pili. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kumsemesha akiwa na kitanzi.

Mpwa wangu aliweka simu chini. Alitaka kujua kitanzi kilikuwa na ukubwa gani, kilitengenezwa kwa nini, je msaidizi akikikosa? (Treni inasimama, na siku hiyo baba anarudi nyumbani amenuna.) Mazungumzo yale yalitufikisha Itigi. Kuku nilimnunulia na hadithi nilimpigia, lakini kilichomgusa ni utaratibu: nani anamwambia nani nini, na kwa nini treni hazigongani. Na hapo ndipo penye ushauri wangu mkubwa kama unataka mmoja tu. Kumbukumbu zako ni tamu kwako. Mtoto hakuzaliwa ili azitunze. Mwache aulize, na uliyonayo umpe pale yanapojibu swali lake.

Tabora, babu alimpokea kama mkaguzi kutoka makao makuu. Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akamchorea njia zote za stesheni yetu kwa kalamu ya bluu na nyekundu. Mimi baba yangu hajawahi kunichorea kitu. Lakini ni kweli pia kwamba sikuwahi kumwomba.

Sasa mambo ya tahadhari, ambayo nitayasema kwa ukali wa shangazi.

Kuna siku tulikwenda kupiga picha kwenye stesheni moja ambayo sitaitaja. Mlinzi akatusimamisha, akamtaka mtoto afute picha zote mbele yake, na mtoto akalia. Nilikasirika sana siku ile, ila nikikumbuka sasa nilikuwa nimezembea mimi. Reli, stesheni na madaraja ni miundombinu inayolindwa, na mtu mwenye kamera anayezungukazunguka bila kujitambulisha anatia shaka. Siku hizi tukifika tunaanza kwa aliye zamu: shikamoo, huyu ni mwanafunzi, anapenda treni, anaomba kupiga picha, tusimame wapi? Akikataa, tunashukuru na kuondoka. Wakati mwingine tunaruhusiwa, na mara moja mzee mmoja aliacha chai yake akaja mwenyewe kutuonyesha jinsi njia inavyogeuzwa ili treni ihame reli.

La pili. Utotoni sisi tulitembea juu ya mataruma kwenda shule na tuliweka sarafu relini ili treni iziponde ziwe bapa. Usimsimulie mtoto mambo hayo kama ushujaa. Treni ya zamani uliisikia ikiwa bado kijiji cha pili. Hii ya umeme inakuja na upepo wake, na ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa inahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama hata dereva akikuona. Ule waya wa upogo una volti 25,000, na umeme wa kiasi hicho hausubiri uguswe. Unaweza kumrukia mtu aliyeukaribia tu. Kwa hiyo hakuna fimbo ya kupigia selfie, tiara wala kupanda juu ya behewa. Kwenye hilo sibembelezi mtu. Tumekubaliana: picha ni kutoka jukwaani, nyuma ya mstari, au nje ya uzio. Akivunja, simu inakaa kwangu mwezi mzima.

Kuhusu safari, si lazima utumie fedha nyingi. Dar hadi Morogoro unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukijaliwa kufika Nairobi, mpeleke kwenye jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni ya zamani. Sisi tulikwenda kwa basi, kichekesho kilichoje. Pale kuna kichwa cha treni cha mvuke kinachoitwa Mount Gelai. Ni kimoja kati ya 34 vya aina yake vilivyotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, na vyote vilipewa majina ya milima ya kwetu. Kina uzito wa zaidi ya tani 250, na kimetengenezwa kwa ajili ya reli ya mita moja. Mtoto alisimama mbele yake, akatazama magurudumu, akatazama nafasi kati ya reli, akatazama tena magurudumu. "Hiki chote kinakaa kwenye mita moja?" Alitumia saa nzima kulizunguka dude hilo lililogawanyika katikati kama siafu, na vile viungio vinavyoliwezesha kukata kona. Nilikuwa nimejiandaa kumsimulia kuhusu simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Hakuwa na nafasi.

Kaka yangu alinipigia simu baada ya safari ile. "Unaniharibia mtoto. Amesema anataka kuwa dereva wa treni." Nikamjibu kwamba treni ya abiria ya Madaraka Express ilipozinduliwa Kenya mwaka 2017, waliokuwa kwenye usukani ni wanawake waliofunzwa China, kwa hiyo kuharibika huko kuna mshahara. Akanuna. Lakini alikuwa na hoja kidogo, na nimeifikiria: tusiwe na haraka ya kuligeuza kila pendo la mtoto kuwa kazi. Ukishamwambia "basi soma fizikia uwe injinia wa reli," umeigeuza furaha yake kuwa kazi ya nyumbani. Binti yetu fizikia ameanza kuipenda bila kuambiwa, kwa sababu umeme wa ule waya unamsumbua usingizi. Chuo cha reli kipo Tabora, siku akitaka ataulizia njia. Na akiamua kuwa mwuguzi anayejua ratiba ya TAZARA kwa kichwa, sijui tutakuwa tumepoteza nini.

Wenzake shuleni wanamtania. Wanamwita "Stesheni Masta." Aliponiambia nilishtuka, nikakumbuka lile jina la Gari Moshi na lile begi la dagaa. Nikamwuliza kama linamuumiza. Akasema hapana, ameliandika kwenye jalada la daftari.

Juzi usiku baba alinipigia kutoka Tabora, saa nne, saa ambayo kwa kawaida ameshalala. Nikadhani kuna msiba. "Mwambie mjukuu wangu," akasema, "ile kalenda niliyomchorea ina kosa. Njia ya tatu haikuwa inatoka upande wa Itigi. Ilikuwa imezibwa. Tulikuwa tunaweka pale behewa la maji." Nikamwambia nitamwambia asubuhi. Akasema hapana, mwamshe.